Mpira Uliobaki Tumbe

Msuka, Pemba
12 Mei 2024

Kwa mwanangu Khairat,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, ila masikio yangu sasa yamekufa kabisa. Bi Mardhiya akitaka kuniita hunirushia kanga, nami nikiona kitu kinaruka najua chai iko tayari. Yeye goti linamsumbua. Masika ya mwaka huu yametupa muhogo mzuri, lakini mikarafuu miwili ya bondeni imekauka imesimama. Yule mbuzi uliyemnunua mwaka jana kazaa pacha. Nasema uliyemnunua wewe, usije ukasahau kwamba una mali huku.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Timu yetu ya Tufani itatimiza miaka hamsini mwezi wa Disemba. Kocha wetu wa sasa ni Mwalimu Hilari, mtu wa bara, Mkristo, lakini dua tunayoomba kabla ya mechi anaijua kuliko mabeki wake. Alikuja nyumbani, akaniandikia kwenye karatasi kwamba vijana wanataka historia ya timu, isomwe mbele ya watu siku ya sherehe. Nikamwambia mwandishi tunaye, mwanangu mwenyewe, anaandika magazetini Dar es Salaam. Kadhalika wanapaka rangi kilabu mpya, na majina ya manahodha wote yataandikwa ukutani.

Nitakupa mwanzo. Tulianza mwaka 1974, vijana wa Msuka, na mpira mmoja wa ngozi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu tangu siku ile hadi nilipochoka. Mpira ulitundikwa darini nyumbani kwangu, na katika miaka yote hiyo haukutoka ila kwa mkono wangu. Muulize yeyote. Tulikuwa na heshima zetu. Mkipatana na wenzenu mechi isogezwe siku nyingine, mnawapelekea mpira wenu wakae nao. Tukiita kuweka rehani. Timu isiyo na mpira haichezi, kwa hiyo neno lako limeshikwa. Vijana wa leo wanatumiana ujumbe kwenye simu, na neno linafutwa kwa kidole.

Majina ya manahodha nitakuletea. Baba yako hayumo, na sababu unaijua. Hilo tusilifukue.

Ami yako,
Shaame Hija


Dar es Salaam
1 Juni 2024

Ami,

Shikamoo. Barua yako nimepewa na Mwalimu Hilari, aliyekuja kumzika shangazi yake. Ameleta pia pweza mkavu wa Bi Mardhiya, mwambie ahsante sana, nimempika kwa nazi na hakuna aliyebakisha. Mwanangu Suhail anaanza kidato cha tano mwezi ujao na tayari ananieleza jinsi ya kuandika habari. Gazetini wamepunguza watu tena. Mimi bado nipo.

Historia nitaiandika, nawe unajua ninavyofanya kazi. Anayetajwa kwa ubaya huulizwa. Akiwa amekufa, huulizwa waliokuwa naye. Kwa hiyo mwaka 1991 siwezi kuuruka. Naandika hapa ninavyoujua, unisahihishe.

Mwaka ule mwezi wa sikukuu ndogo uligawa watu. Msuka mlisikia redioni kwamba umeandama, mkaamua kufungua. Tumbe walitazama juu wakaona mawingu, wakaamua kutimiza thelathini. Fainali ya Kombe la Idd, baina ya Tufani na Mkizi ya Tumbe, ilikuwa imetangazwa kuwa ni sikukuu mosi baada ya alasiri, uwanja wa Konde. Aliyetangaza hakufikiria kwamba zingekuwepo sikukuu mosi mbili. Tufani ikaenda Konde siku yake, Mkizi siku yake, na kombe likachukuliwa na waliotangulia. Nahodha wa Tufani, baba yangu Jaribu, hakuwepo uwanjani. Uliniambia ametutoroka, yuko Tumbe kwa wakwe zake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Naomba kujua nani alimwona mwisho pale Msuka, na alisema anakwenda kufanya nini. Na refa aliuliza nini kabla ya kupiga filimbi?

Mwanao,
Khairat


Msuka
29 Juni 2024

Mwanangu Khairat,

Marahaba, na sikukuu kubwa imepita kwa amani. Tulichinja beberu mmoja, mapacha nimewaacha. Bi Mardhiya alipelekwa Wete kwa lile goti, wakampa dawa ya kuchua na maneno mengi. Mtoto wa jirani ameposwa. Mwalimu Hilari amewafunga vijana wa Wawi mabao matatu, na kijiji kizima kilipiga ngoma mpaka mimi nikasikia, kwa miguu.

Umeniuliza ya mwaka ule. Nilidhani nimesema tusifukue, lakini wewe tangu mdogo ukishika uzi huuachii.

Jaribu aliondoka hapa jioni, mkesha wa sikukuu yetu, akapanda baiskeli. Kila mtu alijua njia ile inakwenda wapi. Tulisali Idd bila yeye. Watu wakaniuliza, nahodha yuko wapi? Nikawajibu ninachokijua, kwamba yuko ukweni. Baada ya alasiri tukawa Konde, mvua inatunyea. Refa alitoka Wete na alitaka kurudi mapema. Akaniuliza kama kuna neno lolote limetoka Tumbe. Nikamwambia hakuna. Akapiga filimbi, tukauanzisha mpira kati, tukaenda nao polepole mpaka golini, goli halina mtu. Mpira wenyewe ulikuwa wa skuli, mwepesi kama puto, nusura upaishwe na upepo. Kombe nilipokea mimi kwa kuwa nahodha hakuwepo. Vijana wakarudi wanaimba:

Mkizi ngoja mwezi wako,
sie kombe twalinywea uji!

Jioni nilikukuta wewe umekaa mlangoni na nguo yako ya sikukuu, hutaki kula. Nilikubeba nikakuingiza ndani. Tangu siku ile umekuwa wangu. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka mimi, na ndiyo ya kuandikwa. Alitutoroka.

Ami yako,
Shaame


Dar es Salaam
20 Julai 2024

Ami,

Shikamoo. Nafurahi kwa Wawi, na nampa pole Bi Mardhiya. Nimemtumia mkanda wa kufunga goti kwa abiria wa boti ya Jumamosi. Auvae mchana tu.

Nimempigia simu Mjomba Fahmi. Najua kwamba nyumbani kwako jina hilo halitajwi, na sijazungumza naye tangu ndugu zake mama walipokuja kumchukua dada yao warudi naye Tumbe, mimi nikabaki kwako. Lakini yeye alikuwa nahodha wa Mkizi, na mtu hawezi kuandika habari ya fainali kwa kuuliza timu moja. Mazungumzo yalikwenda hivi.

"Nani?"

"Khairat, Mjomba. Wa Moza."

"Wa Moza, au wa Jaribu?"

"Wa wote wawili."

"Haya. Una sauti ya mama yako, Mungu amrehemu. Sema, mwandishi. Leo Msuka wamekumbuka kwamba Tumbe kuna watu?"

Nikamuuliza kama baba alifika Tumbe mkesha ule.

"Alifika! Tulikuwa kwenye tarawehe, sisi bado tumo ndani ya Ramadhani. Alingoja nje mpaka tukatoa salamu. Akanambia, 'Shemegi, kesho sie twasali Idd, lakini mpira hatuchezi. Tutawangoja mpaka sikukuu yenu.' Mbele ya watu. Nasi wajinga tukamwamini. Kesho yake wenziwe wakabeba kombe. Baba yako alituuza, mwanangu. Nimelisema mara moja, na usinirudishe hapo."

Sasa ninazo habari mbili, Ami, na haziwezi kukaa nyumba moja. Msuka wanasema nahodha aliwatoroka akahamia kwa wakwe. Tumbe wanasema nahodha aliwadanganya wakwe ili Msuka washinde. Kama alihamia kwao, kwa nini awadanganye? Kama aliwadanganya kwa faida ya Tufani, kwa nini akakosa kulishika kombe aliloliiba? Aliyekwenda kuahidi kwa jina la timu alikuwa na mtu aliyemtuma. Umeniandikia kwamba hakuna neno lililotoka Tumbe, nami naamini. Naona neno lilitoka Msuka.

Nani alimtuma?

Mwanao,
Khairat


Msuka
31 Agosti 2024

Khairat,

Assalaam alaykum. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya karafuu. Zimezaa wakati mmoja, na wachumaji siku hizi wanataka chai na mkate kabla hawajapanda juu. Majamvi yamejaa uwanja mzima, mvua ikinyemelea tunakimbia kama kuku. Nilianguka kidogo, si kitu. Mkanda umefika, Bi Mardhiya anauvaa hata kulala.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Sikukulea uniandikie kama polisi. Fahmi amekaa na kinyongo maisha yake yote kwa sababu ya kombe la bati, na wewe unachukua maneno yake unakuja kunipimia mimi. Nani alikupeleka skuli kwa baiskeli mpaka tairi likaisha nyuzi? Nani alikununulia ile redio ndogo, ukawa unakaa nayo chini ya mwembe unatangaza mechi ambazo hazipo? Watu walisema, mtoto wa kike na mpira wapi na wapi. Nikawaambia mwacheni. Fahmi alikununulia nini?

Aliyekufa amekufa, na Mungu ndiye mjuzi. Andika ubingwa wa wilaya, andika safari yetu ya Unguja tuliyolala sokoni, andika Mwalimu Hilari. Watu wanataka kucheka siku ile.

Nimekufungia karafuu kavu, za daraja la kwanza.

Shaame


Dar es Salaam
22 Septemba 2024

Ami,

Shikamoo. Karafuu zimefika, ahsante. Natumaini ulipoanguka hukuumia, na kwamba karafuu nyingine zimekauka kabla ya mvua. Suhail ana malaria lakini ameshapata nafuu.

Nilikuwa Pemba wiki iliyopita. Nilishuka Wete nikaenda Tumbe moja kwa moja, nikarudi njia ile ile. Sikupita Msuka. Nakueleza mwenyewe kabla hujaelezwa na watu.

Mjomba Fahmi sasa haendi tena baharini. Anakaa dikoni, zinapofikia mashua, ananunua samaki na kuwapakia wachuuzi wa baiskeli, na anawatukana kwa mapenzi. Aliponiona hakusimama. "Huyo kaja," aliwaambia watu, "msimfiche bei, huyu ataiandika." Halafu akanichukua hadi nyumbani kwake, mkewe akatuwekea uji wa mtama, na akanisimulia tena kwa taratibu.

Alisema baba hakuondoka baada ya kutoa ahadi. Alilala kwao. Kesho yake, siku ambayo kwenu ilikuwa Idd, alifunga pamoja nao.

"Alifunga?" nikauliza.

"Alifunga. Mama yangu alimwambia, 'Jaribu, nyie leo mnakula, kula baba, mgeni hana lawama.' Akasema atakula na sisi. Nikaona unafiki mtupu, baadaye lakini. Siku ile niliona uzuri."

Siku ya pili yake ilikuwa sikukuu ya Tumbe. Alikwenda Konde pamoja na Mkizi, kwa miguu, ameongozana na shemegi yake. Uwanjani walikuta mbuzi. Mtu mmoja aliyekuwa akipita akawauliza wanatafuta nini, kwani kombe lilichukuliwa jana. Fahmi anasema wote walimgeukia baba. Akamuuliza, "Nani kakutuma, yakhe?" Baba akasema, "Niliyesema ni mimi."

"Alikuja kutushika tusitoke," Fahmi aliniambia. "Ndivyo tulivyodhani. Na mpaka leo sijasikia jingine."

Nikamuuliza kwa nini mkesha ule walimwamini. Mtu anakuja na baiskeli anasema maneno tu, na ninyi ni mahasimu.

Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini samaki ana magamba. "Kwani alikuja na maneno tu? Alikuja na mpira."

Aliingia ndani akautoa chini ya kitanda, umefungwa kwenye mfuko wa unga. Ngozi imekauka na kukunjamana kama tende, lakini herufi za TUFANI zilizotiwa kwa msumari wa moto bado zinasomeka. Nilikaa nao mapajani muda mrefu.

"Kwa nini hukuurudisha?"

"Niurudishe kwa nani? Rehani hairudishwi na aliyewekewa. Aliyeweka ndiye anayekuja kuichukua. Sikumwona mtu." Kisha akasema kwa ukali, "Tulijua baba yako kauiba kwenu ili aje kutughilibu vizuri."

Nikamuuliza mpira wa Tufani ulikuwa ukikaa wapi.

"Kwa katibu wao. Yule hakumpa mtu hata autazame. Watoto wa Msuka walikuwa..." Akaishia hapo. Alikitazama kibakuli chake cha uji. Mkewe akauliza kama umepoa. Akakisukuma kando, akasema, "Miaka yote hii, Khairat. Na mimi niliwaambia wamtoe dada yangu kwenye nyumba ile."

Sikwenda kule kumfariji mtu, na yeye hakuniomba.

Ami, nakurudishia maneno yako. Mwezi Mei uliandika kwamba mpira haukutoka nyumbani kwako ila kwa mkono wako. Mwezi Juni uliandika kwamba siku ya fainali mlicheza na mpira wa skuli. Sikuuliza kwa nini, nilidhani ni umaskini wa timu. Timu ilikuwa na mpira. Ulikuwa Tumbe, pamoja na nahodha, na vyote viwili vilikuwa rehani ya neno moja.

Kuna jambo sijakueleza. Baba alipokuwa akiumwa Tanga, alikohamia baada ya mambo yale, mwaka aliofariki, nilikwenda kumwona hospitali. Ilikuwa mara yangu ya pili kumwona tangu aondoke. Nilikaa kitako nikiwa na hasira ulizonifundisha. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Mpira umerudi?" Nilimwambia muuguzi kwamba homa imempanda.

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza kitu chepesi zaidi. Mkesha ule, nani alimpa Jaribu mpira?

Khairat


Msuka
20 Oktoba 2024

Mwanangu Khairat,

Assalaam alaykum. Twashukuru Suhail kupata nafuu, mpe majani ya mwarobaini. Sisi hatujambo. Karafuu tumeshauza zilizokauka. Mapacha wa mbuzi wameachishwa. Kilabu imepakwa rangi ya kwanza, buluu ya mbingu, na fundi ameanza kupima ukuta kwa kamba mahali pa majina. Mimi nimechaguliwa kukata utepe. Bi Mardhiya ananishonea kanzu mpya.

Mvua za vuli zimeanza kudondoka.

Barua yako imefika.

Ami yako,
Shaame


Dar es Salaam
3 Novemba 2024

Kwa Katibu mstaafu, Tufani ya Msuka

Salaam. Historia nimeimaliza. Ubingwa wa wilaya umo, soko la Unguja limo, na Mwalimu Hilari yumo na dua yake. Watu watacheka pale panapostahili kuchekwa. Nakupelekea kipande kinachokuhusu, kama ninavyompelekea kila mtu ninayemtaja, ili ukisahihishe kabla hakijasomwa. Ni hiki:

"Fainali ya Kombe la Idd ya mwaka 1991 haikuchezwa, kwa sababu vijiji viwili vilifungua siku mbili tofauti. Tufani iliwaahidi Mkizi ya Tumbe kwamba itawangoja, na kwa desturi ya wakati ule ikaweka rehani mpira wake. Aliyeupeleka ni nahodha, Jaribu Hija, ambaye alibaki Tumbe akafunga pamoja na wenyeji wake hadi sikukuu yao. Mpira huo ulikuwa ukitundikwa darini nyumbani kwa katibu, Shaame Hija, na haukutoka ila kwa mkono wake. Kesho yake Tufani ilikwenda Konde na mpira wa kuazima. Katibu alimwambia refa kwamba hakuna neno lililotoka Tumbe, na Tufani ikatangazwa mshindi. Kombe lilipokewa na katibu. Nahodha aliitwa msaliti katika vijiji vyote viwili, akahamia Tanga, akafariki huko. Hakumtaja aliyemtuma. Katibu ameulizwa nani alimpa nahodha mpira. Hakujibu."

Utaona kuna mambo sikuyaandika. Sijui kama ulipompa mpira ulikusudia kungoja, kisha asubuhi ukalitamani kombe, au kama ulikwisha kuamua kabla hajapanda baiskeli. Sina ushahidi wa moja wala la pili, kwa hiyo hayamo. Sijaandika pia habari ya baiskeli ya skuli na redio. Ni kweli zote, nazikumbuka, na ndizo zinazonisumbua kuliko kombe. Ulijua kila siku uliyonibeba kwenye ile baiskeli baba yangu yuko wapi na kwa nini. Ulinilisha chakula, na ulinilisha na uongo huo.

Nilipokuwa Tumbe nilimwomba Mjomba Fahmi mpira. Alisema desturi haimruhusu kuutoa ila kwa mwenye kuja kuuchukua kwa niaba ya nahodha aliyeuweka. Nikamwambia mimi ni mtoto wake. Akaufuta vumbi kwa kanzu yake akanipa. Mwalimu Hilari atakufikishia pamoja na barua hii. Ni mali ya timu.

Kama kuna kosa, niandikie kabla ya mwisho wa mwezi.

Khairat Jaribu


Msuka
24 Novemba 2024

Khairat,

Assalaam alaykum.

Mpira ameuleta Mwalimu, mfuko wake ukiwa wazi. Bi Mardhiya ndiye aliyekuwa mlangoni akaupokea. Mwalimu alimsomea barua yako kwa sauti, yeye alidhani ni habari njema za sherehe. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, naona mdomo wake unakwenda, sijui anasema nini, mpaka nilipomwona Bi Mardhiya amekaa chini na mpira mikononi.

Hajaniuliza lolote. Kanzu ameikunja, mkono mmoja haujashonwa. Chai anaiweka mezani anaondoka. Hanirushii kanga.

Kukata utepe nimemwambia Mwalimu atafute mtu mwingine. Nimesema ni miguu.

Kipande chako nimekisoma. Kina kosa moja. Mwaka ule mpira haukuwa darini. Darini ulikaa zamani, nyumba ilipokuwa ya makuti. Tulipoezeka bati niliuhamisha, nikautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ubavuni mwa kanzu zangu. Kuutoa hapo hakuhitaji kupanda kiti. Ni kunyoosha mkono tu.

Mengine sina la kusahihisha.

Shaame Hija


Dar es Salaam
30 Novemba 2024

Kwa Shaame Hija,

Nimesahihisha. Sasa inasomeka kwamba mpira ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa katibu.

Mwalimu Hilari amenipigia simu. Fundi amefika kwenye mwaka 1991 na rangi ameshaichanganya, anataka jina. Nimemtajia Jaribu Hija. Akaniuliza kama nitahudhuria sherehe, nikamwambia nitahudhuria. Akasema vizuri, atamwambia Bi Mardhiya anitandikie kile chumba changu cha siku zote.

Nimemwambia asimsumbue mama wa watu na goti lake. Nitafikia Tumbe.

Khairat Jaribu